Hayupo

Fomu ina safu tatu:
Anakohoa. Hakohoi. Hayupo.
Nami, Mkasi Vuai, mdodosaji wa posho ya siku,
nimepewa beji, kalamu, na bomba la kupimia pumzi
lenye mshale mdogo na mdomo wa karatasi wa kutupa,
nikaambiwa: Saateni, mlango kwa mlango,
saa tatu asubuhi mpaka saa nane.

Saa tatu asubuhi yumo nani ndani?
Wachukuzi wako sokoni,
wapishi wa hoteli wamekwenda na gari la alfajiri.
Wamebaki waliolala, na wanaowauguza.

Miezi saba tangu ghala la magodoro liungue
siku mbili na usiku wake,
masizi yakaingia vyandaruani,
yakaingia kwenye unga uliofunikwa,
na asubuhi tukatema mate meusi
tukidhani yatakwisha kwa maziwa.

Mlango wa kwanza, kufuli.
Jirani kachungulia: "Kahamia Fuoni huyo.
Mwanawe usiku alikuwa hapumui."
Fuoni haimo kwenye ramani niliyopewa.
Hayupo.

Mlango wa nne, Mcha Ussi kanisubiri
na kanzu yake ya Ijumaa. Kasikia kuna fidia.
Kakohoa kabla sijatoa salamu.
"Andika, mwanangu. Na hii andika."
Kikohozi cha kuazima, kila mtu angekijua.
Kisha akapuliza bomba,
mshale ukasogea kidogo, ukasimama kwenye nyekundu.
Akacheka, akidhani kanipata.
Mie sikucheka.

Mlango wa tisa, Bi Sihaba kajibana kizingitini.
Nyuma ya pazia kifua cha binti kinapiga mluzi
kama birika lililosahauliwa jikoni.
"Huyu? Mzima. Hata mafua hayajui."
Juu ya meza halua imefunikwa kawa:
posa inakuja Alhamisi.
Hakuniomba kitu. Alinitazama tu.
Nikaandika: Hakohoi.

Hilo langu, simsingizii mtu.
Na mlango wa kumi na saba langu pia:
ngazi zilikuwa nyingi, jua limesimama utosini.
Sikupanda. Hayupo.

Niliuliza moshi ulipita saa ngapi.
Wenye kuumwa waliutaja kwa adhana,
"baina ya magharibi na isha, umeme umekatika."
Wazima wakauliza: moshi upi?
Na nyumba zote mbili zinatazamana,
kamba moja ya nguo.

Marehemu Bimkubwa Shaame, kaburi lake bado tuta,
naye nilimtafutia safu.
Nikamtia pamoja na walioenda sokoni.

Ukumbini feni lilikuwa likizunguka polepole.
Daktari kasema vijana wa zimamoto wamepimwa,
pumzi zao zimewashinda hata watu wa Makunduchi
ambao moshi ule hawakuunusa.
Basi moshi haukudhuru.
Nikamtafuta Pandu kwa macho.
Hakuwapo. Aliachishwa mwezi wa tatu,
siku aliposhindwa kumaliza ngazi ya mazoezi,
na aliyeachishwa si zimamoto tena,
na asiye zimamoto hapimwi na wao.

"Hakuna tofauti ya maana," daktari kamaliza,
kijana mpole, hakusema uongo;
alijumlisha tulichomletea.
Sheha akapiga makofi. Soda zikagawiwa.

Nimerudi na bomba, wamesahau kulidai.
Nyumba yetu ni ya ishirini na moja, mtaa ule ule.
Katika orodha mwandiko wa mwenzangu uko wazi kabisa:
kabisha hodi mara mbili, saa nne unusu,
Hayupo.

Nilikuwa ngazini kwa watu, nimeshika ukuta,
navuta pumzi ili niweze kuuliza.

Kesho baada ya isha nakwenda Fuoni.
Nimenunua daftari la mistari.
Sijalichora safu.